Kikombe cha Mzee Kilonzo

Mchungaji wetu aliniomba mambo mawili. La kwanza, niandike jinsi nilivyougua na nikapona, ili habari hiyo iwekwe kwenye kijitabu cha shuhuda cha kanisa na wagonjwa wengine wapate moyo. La pili, nisitaje jina la mtu. La kwanza nimekubali. La pili limenishinda. Akitaka kulikata jina, makasi ninayo na nitamwazima.

Naitwa Kamene, lakini hapa Ikutha kila mtu ananiita Mama Mutheu. Mimi ni fundi wa nguo. Tangu Mutheu akiwa mtoto wa mgongoni nimekuwa nikishona sare za shule kwenye kibaraza cha duka, karibu na soko la mbuzi. Cherehani yangu ni ya kukanyaga, na mguu unaokanyaga ni wa kulia. Mguu huo ndio uliomlea Mutheu na kumsomesha baada ya baba yake kufariki. Nauzungumzia mapema kwa sababu habari yote ni yake.

Kabla sijaugua nilikuwa na nguvu, na nilikuwa na mdomo. Chai nilikunywa mara nne kwa siku, vijiko vinne vya sukari kila kikombe. Kwetu mgeni akipewa chai isiyo na sukari atarudi kwake akisema alitukanwa. Nami nilikuwa wa kwanza kusema hivyo.

Ugonjwa ulianza na kiu. Nilikunywa maji mpaka tumbo linalia ninapotembea, na bado ulimi ulikuwa mkavu. Nikawa naacha suruali ya mtu kwenye sindano nikimbilie choo. Nikakonda, nikawashwa mahali ambapo mwanamke hasemi. Kisha nyayo zikaanza kufa ganzi. Nilikwenda kwenye zahanati, muuguzi akanidunga kidole, akatazama mashine yake, akaniambia nina ugonjwa wa sukari.

Muuguzi huyo alinipa dawa za kumeza na akaniambia niache sukari. Nilimwambia anitoe roho kwanza. Alicheka. Akasema nikishindwa kabisa kunywa chai kavu, nikanunue vile vidonge vidogo vya utamu vinavyouzwa kwenye duka la dawa, nitie kimoja kwa kikombe, huku nikijizoeza polepole kuishi bila utamu. Nilivinunua. Viko ndani ya kikopo kidogo kama kiberiti. Unabonyeza juu, kidonge kinaanguka, na kikopo kinalia tiki. Utamu wake huachia ladha ya ajabu nyuma ya ulimi. Lakini nilivumilia, na kila nikienda zahanati mashine ilikuwa inanipongeza.

Sasa ndipo anapoingia Mzee Kilonzo.

Mzee Kilonzo alikuwa mzee wa kanisa letu, na ndiye aliyekuwa akiuza asali hapa sokoni. Ni mtu wa sauti nzuri. Akiomba, hata mbuzi hunyamaza. Siku moja alikuja kuchukua koti lake akanikuta na chai, akasikia ile tiki. Aliketi. Alitoa simu akanionyesha ujumbe aliotumiwa, wenye picha ya fuvu na maandishi mekundu, unaosema vidonge vile vinaleta kansa.

"Mama Mutheu, hiyo ni kemikali," aliniambia. "Unajiua pole pole na pesa yako. Mungu alitupea asali, iko mpaka kwa Biblia. Umewahi kusikia asali imeua Mkamba?"

Hapo alinishika pabaya. Baba yangu alikuwa na mizinga ya nyuki zaidi ya ng'ombe. Asali ndiyo iliyotangulia siku wazee walipokuja kuniposa. Mtoto akikohoa tulimpa asali, mtu akiungua tulimpaka asali. Akilini mwangu sukari ilikuwa kitu cha kiwandani na asali ilikuwa kitu cha mtini, na sikuwahi kuviweka kwenye rafu moja. Msomaji wa mbali atanicheka. Huku kwetu hakuna atakayecheka, maana wote tulidhani hivyo.

Nilitupa kikopo chooni na nikaanza asali ya Mzee Kilonzo. Aliniletea mwenyewe, mtungi baada ya mtungi, na kila mara aliniombea. Akaniambia asali safi inafanya kazi ya dawa, basi nikaanza kuziruka hata dawa zenyewe. Hilo ni kosa langu na nalibeba. Lakini lake silibebi.

Baada ya miezi michache sindano ilianguka sakafuni nikaikanyaga. Sikusikia chochote. Nilishona siku nzima, na jioni nilipovua kiatu nikakuta soksi imegandamana na damu na nusu ya sindano ikiwa ndani ya nyama. Niliing'oa, nikamwagia maji ya chumvi, nikapaka asali. Kidonda hakikupona. Kilipanuka, kikawa cheusi pembeni, kikaanza kutoa usaha wa rangi ya uji wa wimbi. Wateja walikuwa wakisimama mbali kidogo. Nilidhani ni heshima, kumbe ni harufu.

Akina mama wa kanisa walikuja kunitazama nikiwa mgonjwa, na kama desturi yetu ilivyo, kila mmoja alileta sukari. Mifuko ilijaa mezani. Nani angemlaumu mwenzake? Huendi kwa mgonjwa mikono mitupu. Mzee Kilonzo naye alikuja na mtungi mkubwa kuliko yote, akauweka katikati ya ile mifuko, akaomba.

Siku tatu baadaye nilianza kuona watu wawili wawili. Nikaongea maneno yasiyoeleweka, nikajikojolea kitini. Jirani yangu Mama Kasyoka, mjane anayeuza mboga karibu na kibaraza changu, ndiye aliyenipakia kwenye gari la mtu wa mbuzi mpaka hospitali. Mutheu alinisimulia kwamba walipopima sukari, mashine haikuonyesha namba. Ilikuwa imepita mahali inapoweza kusoma.

Nilipozinduka niliuliza kama mguu upo. Mutheu, ambaye ameolewa mjini Kiboko na alikuwa amekuja mbio, alisema upo. Hakusema kwamba vidole viwili havipo. Niliviona mwenyewe siku walipobadilisha bandeji, yaani niliona pengo: kidole gumba na jirani yake. Daktari, msichana mdogo kuliko Mutheu, alisema wangekawia siku mbili wangekata chini ya goti.

Nilimwambia kwamba nilikimbia kansa. Nikamweleza habari ya vidonge na ya asali. Hakunikaripia. Alivuta kiti.

"Mama, sitakudanganya," alisema. "Hizo vidonge watu bado wanauliza maswali. Ukitumia nyingi miaka mingi, labda kuna shida, labda hakuna. Hata mimi ningependa uzoee chai bila kitu. Lakini hiyo ni labda. Hii mguu si labda."

Nikamuuliza, na asali?

"Asali ni sukari imepitia kwa nyuki. Damu yako haiulizi imetoka wapi."

Nililala kitandani pale majuma matano nikipima maneno hayo. Upande mmoja labda, upande mwingine vidole vyangu kwenye ndoo ya hospitali. Sikuhitaji shule kubwa kuona upande gani ni mzito. Na bado sikuwa na hasira na Mzee Kilonzo. Nilisema ni ujinga wetu sote, alidanganywa na simu yake kama alivyonidanganya mimi. Nilikuwa tayari kumsamehe.

Nilipotoka, Mutheu alinichukua Kiboko ili anitazame vizuri. Kila juma alinipeleka kliniki ya ugonjwa wa sukari huko barabarani, ng'ambo ya mto, mbali kabisa na Ikutha. Mara ya tatu kwenda, nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha magurudumu pembeni, nimejifunika leso kichwani kwa sababu ya vumbi. Mama wa chai alikuwa akipita na birika. Nikasikia tiki. Tena tiki.

Niligeuza shingo. Kwenye benchi la mbele alikuwa ameketi Mzee Kilonzo, na daftari lake la kliniki mapajani, limechakaa kama Biblia yake. Mkononi alishika kikopo kama kile nilichotupa chooni. Alikoroga chai yake, akanywa, akafuta sharubu. Muuguzi alipomwita alimwita kama mtu wa nyumbani, na akamsifu mbele ya wote kwamba tangu aanze kliniki miaka mingi iliyopita hajawahi kukosa dawa hata siku moja.

Hakuniona. Nami sikumwita. Niliuma leso mpaka ikalowa mate. Mtu huyu alijua. Alipokuwa akiniletea ule mtungi na kuufumbia macho ya maombi, alijua kilichomo, kwa sababu yeye mwenyewe hakuwa anakigusa.

Nilipomwambia Mutheu, alilia. Kisha akaniita mama kwa Kikamba chetu, akasema, "Mwaitu, mwachie Mungu." Nikamwambia Mungu atapata zamu yake baada yangu.

Juma lililofuata nilimuuliza daktari wa kliniki kama kikombe kimoja cha chai ya asali kinaweza kumuua mtu anayemeza dawa zake vizuri. Alidhani naulizia kwa ajili yangu, akaniambia hakiui, kinapandisha tu sukari, lakini nisithubutu. Nilimshukuru. Nilitaka kuwa na hakika.

Niliporudi Ikutha nikitembea kwa fimbo, niliitisha maombi ya shukrani nyumbani kwangu. Waumini walijaa sebule mpaka uani. Mzee Kilonzo aliongoza maombi. Alimshukuru Mungu kwa mguu wangu kwa sauti iliyofanya akina mama watoe machozi. Kisha nikaleta chai. Wengine niliwamiminia tu na sukari ikazungushwa kwenye bakuli. Kikombe chake nilikibeba mwenyewe, nikichechemea, na mbele ya macho yao wote nikafungua ule mtungi wake mkubwa na nikatia vijiko vinne. Nikakoroga. Nikamkabidhi kwa mikono miwili, kama mzee anavyostahili.

"Kunywa, mzee," nilisema. "Ni ile yako."

Kwetu mgeni hakatai chai, na mzee wa kanisa hakatai chai ya shukrani. Alikishika kikombe. Alisema ni moto. Nikasema tutangoja ipoe. Akaanza habari za mvua. Nikaketi mbele yake, mguu wangu wenye pengo nimeunyoosha juu ya kigoda, wazi, bila soksi. Hadithi ya mvua iliisha. Watu walikuwa wamekwisha kunywa, wakaanza kumtazama. Alikipeleka kikombe mdomoni, na mbele za Mungu nasema, angekunywa ningemwacha anywe mpaka tone la mwisho, halafu ningemwongeza.

Hakunywa. Alikirudisha kwenye kisahani.

"Siwezi," alisema.

"Kwa nini huwezi, mzee?"

Alimtazama mchungaji. Mchungaji alikuwa anatazama mguu wangu.

"Niko na sukari," alisema. Ile sauti ya maombi ilikuwa imekwisha kabisa.

Nikamuuliza tangu lini. Akasema ni kitambo, kabla yangu. Nikamuuliza chai yake huwa anatia nini. Mkono wake ulikwenda wenyewe mfukoni mwa shati, ukafunika kile kikopo.

Nilikuwa na maneno mengine. Nilikuwa nimeyapanga tangu Kiboko, makali, moja baada ya lingine. Lakini Mama Kasyoka alisimama kutoka upande wa mlango. Nimesema ni mjane. Mumewe alikufa na ugonjwa huu huu, akiwa amepofuka, mwaka mmoja kabla sijaugua. Aliongea taratibu, kama anayeuliza bei ya nyanya.

"Baba Kasyoka ulimletea asali mpaka ile wiki alikufa. Ukanishikia hata kijiko nikimlisha. Ulikuwa unajua?"

Mzee Kilonzo aliinamisha kichwa. Yale maneno yangu niliyameza, maana baada ya swali lake hayakuwa na uzito tena. Mimi nilikuwa nadai vidole viwili.

Mama Kasyoka alikichukua kile kikombe, akatoka nacho nje, akamwaga chai mchangani, akarudi akaniwekea kikombe mezani. Mzee Kilonzo alitafuta kofia yake. Hakuna aliyemsindikiza hata mpaka langoni, na kwetu hiyo ni habari kubwa.

Wewe unayesoma ukiwa mgonjwa, sikia. Usisikilize mwenye simu, wala mwenye mtungi wa kuuza, hata kama anajua kuomba. Sikiliza anayekudunga kidole na kukuonyesha namba. Sukari, asali, juisi, vyote damu yako inavihesabu. Vidonge vya utamu si vya kushangilia. Mimi nimevipunguza, siku hizi chai ya saa nne nakunywa kavu na sijafa. Lakini labda ni labda. Angalia nyayo zako kila jioni, hata kama hazikuumi, hasa kama hazikuumi. Na ukienda kumtazama mgonjwa wa sukari, peleka mboga.

Namshukuru Mungu, na yule daktari mdogo, na Mutheu wangu, na mtu wa mbuzi aliyekubali kuchafua gari lake. Vidole vitatu vinatosha kukanyaga cherehani, nimejifunza upya.

Mchungaji ananiuliza kila mara kama nimesamehe. Namjibu kwamba naendelea. Mzee Kilonzo bado anakuja kanisani, ingawa uzee wa kanisa aliuacha na asali haiuzi tena. Baada ya ibada tunakunywa chai sote chini ya mabati, na siku hizi hana pa kujificha, inambidi atoe kikopo chake mbele yetu. Watu wanaacha kuongea kidogo. Mimi natulia na kikombe changu, naisikia ile tiki, na namshukuru Mungu aliyenichukulia vidole viwili akaniachia masikio.