Gitaa la Vipande na Mkono wa Blauzi

Fundi seremala wa pale njia panda ya Segese alikuwa wa kwanza kunicheka. Nilikwenda kwake kuomba mabaki ya mbao ya kujifunzia kupiga msasa, na alipouliza ni ya nini nikamwambia ukweli.

"Gitaa?" Akaweka randa chini. "Shikamoo tena, mzee. Gitaa la nani?"

"Langu. Ninalitengeneza."

"Umewahi kutengeneza hata kigoda?"

"Hapana."

"Basi anza na kigoda. Kikiharibika unakitia motoni, unachemshia chai. Gitaa likiharibika utalipeleka wapi?"

Wateja wawili waliokuwa wakisubiri kitanda chao wakacheka naye. Nikakusanya mabaki yangu, nikaaga, nikaondoka. Nina miaka sabini na moja. Nimechekwa na watu wakali kuliko seremala.

Gitaa lenyewe lilikuja ndani ya boksi, vipande vipande. Binti yetu mkubwa anafanya kazi Dar es Salaam, na ndiye aliyelinunua. Nilipompigia simu kumwomba gitaa alidhani kwanza labda nimeanza kuchanganyikiwa. Baadaye akasema yapo mazima dukani, na yapo pia ya kujiunganishia mwenyewe, ya watu wanaojifunza. "Lakini hilo la vipande ni kazi, baba. Nikutumie zima."

Nikamwambia hapana, atume la vipande. Hakuniuliza sababu, nami sikumweleza. Sababu ilikuwa imekaa jikoni ikichambua choroko. Ni mama yake.

Mke wangu alikuwa akiimba. Nisipoanza na hilo, hakuna atakayeelewa kwa nini mzee kama mimi alihangaika na gundi na msasa. Alizaliwa upande wa Kolandoto, na nilipomwoa alikuwa tayari mtu wa kwaya. Aliimba sauti ya kwanza, mwalimu wao akiwaongoza kwa gitaa. Alipoinua sauti kanisani, hata wale wanaosimama nje kungoja ibada iishe walisogea mlangoni. Mimi wakati huo nilikuwa fundi matimba kwenye maduara ya wachimbaji wadogo, huko upande wa Bulyanhulu. Duara ni shimo la dhahabu, na matimba ni magogo tunayoyapanga kuzuia kuta zisituangukie. Nilikuwa nikikaa huko miezi mitatu, minne, kisha narudi nyumbani wiki mbili.

Safari moja nilirudi nikakuta kwaya inajiandaa kwenda Mwanza kurekodi kaseti. Mke wangu alikuwa ameshonewa sare mpya, sketi nyeusi na blauzi ya bluu ya kitambaa laini. Kijiweni watu walinipongeza. "Mama wa kwako atasikika redioni!" Mtu mwenye akili angefurahi. Mimi nilisikia kitu kingine kabisa. Nilisikia kwamba nikiwa chini ya ardhi, wanaume wengine wako juu wanamsikiliza mke wangu.

"Unaimba redioni ili usikilizwe na nani?" nikamuuliza.

"Na Mungu."

"Mungu anakusikia hata ukiimba jikoni."

Akasema atakwenda, maana ameahidi. Sikumpiga. Nimekuwa nikijisifu kwa hilo miaka mingi, kana kwamba nilichofanya kilikuwa kidogo. Nilichukua wembe, nikakata mkono mmoja wa ile blauzi, begani kabisa, nikautia mfukoni. Nilikuwa nahitaji kitambaa cha kukamulia zebaki. Mwaloni, pale tunapooshea mchanga wa dhahabu, ukishauosha na kuuchanganya na zebaki, unautia kwenye kitambaa chepesi na kuukamua kwa vidole mpaka zebaki itoke na dhahabu ibaki ndani. Kitambaa cha blauzi ya kwaya kilifaa sana. Nilikitumia msimu mzima. Dhahabu niliyoipata humo sikumbuki hata ilinunua nini.

Hakwenda Mwanza. Na tangu siku hiyo hakuimba tena, si kanisani tu. Jikoni hakuimba, shambani hakuimba, na watoto wetu watatu waliofuata alikuwa akiwabembeleza kimya, kwa kuwapigapiga mgongoni. Kaseti ilipotoka niliisikia dukani ikipigwa, mwanamke mwingine akijitahidi kupanda pale ambapo mke wangu alikuwa akipafikia bila kukunja uso. Nilijua nimefanya nini. Nikanunua sigara nikaondoka.

Hiyo ndiyo sababu. Nilitaka kumwona anaimba kabla mmoja wetu hajazikwa, na sikutaka kumletea gitaa lililotengenezwa na mikono ya mtu mwingine, kwa kuwa wembe ule haukushikwa na mtu mwingine.

Boksi lilipofika kwa bodaboda nikalifungulia barazani. Mwili wa gitaa ulikuwa umeshaundwa, mweupe, haujapakwa kitu, mwepesi kama kibuyu kikavu. Shingo ilikuwa peke yake. Palikuwa na daraja la kushikia nyuzi, funguo sita za kuzikazia, karatasi za msasa, chupa ya gundi, na maelezo kwa Kiingereza. Nilisoma mpaka kidato cha nne, na Kiingereza changu kimelala muda mrefu, lakini kwa kamusi ya mjukuu na subira nikakiamsha.

Mke wangu alipita na ndoo. Akatazama vile vipande, akanitazama mimi.

"Nini hicho?"

"Gitaa."

"La nini?"

"La kupiga."

"Wewe?" Akaendelea na ndoo yake.

Nilipiga msasa wiki mbili. Mikono yangu inatetemeka. Daktari mmoja aliwahi kuniuliza kama nimeshika zebaki sana ujanani, nikacheka, kwa sababu ilikuwa kama kumuuliza mvuvi kama ameshika maji. Lakini kwa msasa mkono unaotetemeka si hasara, unakwenda wenyewe. Taabu ilianza kwenye kuunganisha shingo na mwili.

Maelezo yalisema shingo iingie kwenye nafasi yake bila kulazimishwa. Yangu iliingia ikabaki inacheza kidogo, kama jino la mtoto. Hapo nikafanya kosa ambalo angelifanya fundi matimba yeyote. Shimoni, gogo linalocheza ni kifo. Unachonga kabari ya mti mgumu, unaipigilia kwa nyundo, na unasikiliza. Gogo likikaza linabadili sauti. Likilia kwa sauti nyembamba, unajua watu wanaweza kushuka. Miaka ishirini na mbili nilifanya hivyo, na hakuna duara langu lililoua mtu. Basi nikachonga kabari ya mninga, nikaipachika, nikainua nyundo. Pigo la kwanza, likalia vizuri. La pili, vizuri zaidi. La tatu, ubavu wa gitaa ukapasuka kuanzia shingoni hadi karibu na kiuno.

Nilikaa na nyundo mkononi. Mbao za shimoni unazikaza mpaka mwisho ili zisitikisike. Mbao za gitaa zimefanywa nyembamba ili zitikisike. Jambo hilo limeandikwa kwenye ukurasa wa kwanza wa maelezo, nami nilikuwa nimelisoma na kulitafsiri kwa kalamu.

Nikalibeba hadi kwa seremala. Nilijua atacheka, na akacheka. Akageuza gitaa, akapitisha ukucha kwenye ufa.

"Nilikwambia uanze na kigoda, mzee."

"Uliniambia. Sasa niambie linatibiwaje."

Akaacha kucheka. Akasema nijaze ufa gundi, nibandike kitambaa chepesi kwa ndani kuushikilia, kisha nifunge gitaa zima kwa mpira wa tairi la pikipiki mpaka likauke. "Kitambaa kiwe laini. Kizito kitaua sauti."

Nyumbani nikamwomba mke wangu kitambaa laini. Akaenda chumbani, nikasikia sanduku lake la bati likifunguliwa. Aliporudi alikuwa ameshika blauzi ya bluu. Imepauka, imekunjwa vizuri, upande mmoja hauna mkono. Sikujua kama bado ipo. Nilidhani aliitupa siku ile ile.

"Unataka kitambaa," akasema. "Mkono mmoja bado upo. Wembe uko pale dirishani."

Hakupaza sauti. Alikuwa amesimama mlangoni akiining'iniza mbele yangu, na nadhani alikuwa ameisubiri siku hiyo kwa muda mrefu kuliko nilivyolisubiri gitaa.

"Hicho hapana," nikasema.

"Kwa nini? Ule wa kwanza ulikufaa. Ulisema mwenyewe unafaa sana."

"Nilisema. Nisamehe."

"Yaya," akasema, maana yake hapana, kwa Kisukuma chetu cha nyumbani. Akaikunja blauzi na kurudi nayo sandukuni.

Nina shati moja jeupe la kanisani, zuri, alilonishonea binti yetu. Nikalitoa kabatini. Nikachukua wembe dirishani na kukata mkono wake wa kulia, begani kabisa. Nikachana vipande vyembamba, nikavipaka gundi, nikavipenyeza kwa tundu la sauti kwa kijiti, kimoja kimoja, nikatukana, nikaanza upya. Kisha nikalifunga gitaa kwa mpira mpaka likaonekana kama mgonjwa aliyevunjika mbavu.

Mke wangu akaliona lile shati kitini. "Na Jumapili utavaa nini?"

"Hilo hilo."

"Huthubutu."

Kwa kweli sikuwa nimefikiri kulivaa. Lakini aliposema vile, ikawa imeamuliwa.

Jumapili nikatembea kutoka nyumbani hadi kanisani na mkono mmoja uchi, mkono wa mzee, ngozi imelegea. Yeye alikuwa hatua kumi mbele yangu na hakugeuka nyuma. Watoto walininyoshea vidole. Baada ya ibada mzee wa kanisa, rika langu, akanivuta kando.

"Ndugu yangu, huna shati? Ungesema tukuchangie."

"Shati ninalo. Nimelikata mwenyewe."

"Kwa nini?"

Wanakwaya walikuwa wamesimama karibu. Wengi ni vijana, lakini wawili walikuwa wazee wa kaseti ile. Nikasema kwa sauti ya kuwafikia. "Kwa sababu nilikata blauzi ya mke wangu ya kwaya. Ninyi mliambiwa aliugua, ndiyo maana hakwenda Mwanza. Hakuugua. Nilimzuia, na nikakamulia zebaki kwa mkono wa sare yenu."

Mzee wa kanisa akashusha sauti. "Hayo mambo ni ya zamani. Kwa umri wetu huu ni kuomba mwisho mwema, si kufukua."

"Mimi ni mchimbaji," nikamwambia. "Acha nifukue."

Mke wangu alisikia. Alikuwa amesimama na wanawake wenzake, ameshika Biblia kifuani. Tuliporudi alitembea hatua tano mbele yangu badala ya kumi.

Gundi ilipokauka nikafungua mpira. Ufa ulikuwa umeshikana, una kovu unaloweza kuliona ukiwa barabarani. Kabari nikaitupa, shingo nikaibandika upya kwa ganda jembamba la mbao na gundi, bila nyundo. Nikafunga funguo, daraja, nyuzi sita. Ndipo nikagundua kwamba sijui nyuzi hizo zinapaswa kulia vipi. Maelezo yalisema nitumie kinanda au kifaa cha simu. Kinanda sina, na simu yangu ni ya tochi. Nikakaa barazani nakaza, nalegeza, uzi mnene unanguruma kama ng'ombe mwenye njaa.

Seremala akapita na baiskeli. "Mzee! Linauma wapi?"

"Pita salama!"

Nilifanya hivyo alasiri tatu mfululizo. Siku ya nne mke wangu alikuwa amekaa kwenye mkeka, ungo wa choroko mapajani, mgongo amenipa. Nikavuta uzi mnene, nikakaza, nikavuta tena.

"Umepitiliza," akasema.

Nikalegeza.

"Sasa umeshuka mno. Huyu hasikii!" Alikuwa anaziambia choroko. "Mwalimu wa kwaya alikuwa anapiga hizo sita kila mazoezi kabla hatujafungua mdomo, miaka minane. Hata usingizini ningezijua."

"Basi niambie inaliaje."

Akatupa kokoto moja, ya pili. Kisha, bila kugeuka, akatoa sauti moja. Haikuwa na neno ndani yake. Ilikuwa ya chini, ina mkwaruzo wa kifua kisichotumika, lakini ilisimama pale pale ilipowekwa, haikuyumba hata kidogo. Nikakaza ufunguo kuifuata mpaka uzi na sauti yake vikawa kitu kimoja. Akaacha. Uzi ukaendelea peke yake, na ubavu wenye kovu ukatikisika juu ya paja langu.

"Na wa pili?" nikauliza haraka mno.

"Yaya. Wa pili siku nikitaka. Na usiniombe."

Sikumwomba. Siku iliyofuata nilikaa nikapiga uzi mmoja ule ule alasiri nzima, mpaka jirani akafunga dirisha. Baada ya wiki mbili akanipa wa pili, akiwa amekasirika kwa jambo lingine kabisa. Wa tatu alinipa asubuhi moja, akifagia. Wa nne alisubiri mpaka mvua ya kwanza. Hajanisamehe, ameniambia hivyo wazi, na blauzi bado iko sandukuni na mkono wake mmoja. Mimi nimemwambia sikomi.

Juzi seremala alisimamisha baiskeli akasikiliza. "Mzee, mbona unapiga nyuzi nne tu? Gitaa lina sita."

"Mbili ziko kwa mwenyewe," nikamjibu. "Wewe nenda kachonge vigoda."