Mlango wa Chumba cha Binti

Mama Sindano alikuwa fundi cherehani, na kazi yake ya pili, isiyo na ujira, ilikuwa kuficha. Mishono ya nguo aliificha kwa ndani; aibu ya nyumba aliificha kwa mdomo. Ukimuuliza nini kimetoboa mlango wa chumba cha binti yake, alijibu, "Kabati, tulipokuwa tunahamisha." Mumewe, seremala mpole mbele za watu, aliitikia kwa kichwa. Kabati hilo lilisingiziwa mengi.

Binti alikuwa sekondari, na alikuwa amechoka. Alimweleza shangazi yake kwamba baba akipandwa na hasira huupiga mlango mateke, yeye akiwa amejifungia ndani. Akamwomba awapokee yeye na mama, maana hawakuwa na pengine pa kwenda. Shangazi akamkatiza: "Kaka yangu? Hata nzi hamuui! Watoto wa siku hizi kwa kutunga!"

Ndipo wakaja vijana wa filamu. Hawakuwa na studio wala mfadhili. Walikuwa na kamera ya kuazima na hadithi ya msichana katika nyumba ya ugomvi. Mwongozaji wao aliichagua nyumba ile kwa sababu ya ule mlango. Mama Sindano, kwa kuwaonea haya wageni, akamsihi mumewe auzibe, kisha akaupaka rangi. Waliporudi na kamera, mwongozaji alishika kichwa.

"Mama, tundu liko wapi?"

"Si nimewatengenezea?"

Ikabidi tundu litobolewe upya. Kijana aliyeigiza baba akapiga teke, mlango ukagoma, yeye akachechemea. Watu wakacheka, na shangazi, aliyekuja kushangaa filamu, alicheka kuliko wote.

Seremala hakucheka. Hakuna kinachomuudhi fundi kama kazi mbovu. "Sogea," alisema. "Hupigi katikati. Hapa, chini ya kitasa, kwa kisigino."

Akanyanyua mguu. Kabla haujatua, binti, aliyesimama karibu na shangazi yake nyuma ya kamera, alikuwa ameshachuchumaa, mikono juu ya kichwa. Ubao ukapasuka kwa teke moja.

"Safi sana!" mwongozaji alishangilia. Shangazi alimtazama binti, kisha kaka yake.

"Ni maigizo tu, dada," seremala alisema.

"Na nani alikuonyesha pa kupiga?" shangazi aliuliza.

Shangazi akamgeukia Mama Sindano. "Wifi, niambie wewe. Ni kweli?"

Mama Sindano alifungua mdomo, na kwa mazoea uongo ukawa wa kwanza kufika. Akaumeza. Machozi yakamtoka.

"Ni kweli, wifi. Tangu mtoto yuko darasa la pili."

Shangazi akainama, akamshika mpwa wake mkono, akamwinua. Hakumtazama kaka yake tena.

"Vaeni viatu," alisema. "Wote wawili."