Siku Rubani Alipokataa Kushuka

Kwetu Matuga maiti hawekwi. Mtu akifariki alfajiri, jioni haimkuti juu ya ardhi. Na sisi wanawake makaburini hatuendi. Anayetaka kumuaga mtu wake humuagia nyumbani, kabla wanaume hawajalibeba jeneza. Likishavuka kizingiti, limetoka mikononi mwetu.

Ndiyo maana kaka yangu aliponipigia simu Nairobi asubuhi ile, sikulia kwanza. Nilitafuta tiketi. Baba alikuwa amefariki hospitalini Msambweni, wanamleta nyumbani, atazikwa baada ya swala ya alasiri. "Fanya uje umwone uso," kaka aliniambia. "Wazee nitawaomba." Nikapata ndege ya mchana. Nilijua nikitua nitapita barabara ya Dongo Kundu, sitakwama kwenye feri, na alasiri itanikuta nimeshaingia ndani. Kumbe mja hupanga lake na Mungu ana lake.

Pwani mvua ilikuwa imekaza. Tulipoanza kushuka, dirishani hapakuonekana kitu ila weupe mchafu, kama maji yaliyokwisha kufuliwa nguo. Nikajitanda mtandio wangu vizuri na kuuweka mkoba mapajani. Nikayasikia magurudumu yakitoka chini ya miguu yetu. Mara injini zikanguruma, migongo ikagandamizwa kwenye viti, tukapanda juu tena.

Rubani alitueleza kwa sauti ya mtu asiyekuwa na haraka ya kwenda popote. Katika wingu kama lile, alisema, uwanja hauonekani. Yeye hufuata mawimbi ya redio yanayotoka ardhini, ndiyo yanayomwonyesha mstari wa kushukia. Siku ile mawimbi hayakutulia. Mshale ulio mbele yake ulimwambia yuko sawa, kisha ukaruka pembeni, kisha ukarudi. Angejaribu tena.

Tukazunguka. Bwana aliyeketi karibu nami, mfanyakazi wa hoteli moja ya Diani, alisema, "Si ashuke tu! Uwanja si uko hapo hapo chini, umehama?" Nikamwunga mkono kwa moyo wangu wote. Mara ya pili ikawa vilevile: magurudumu, ngurumo, juu. Rubani akatangaza kwamba mshale ule haaminiki, na kwamba hatashusha watu kwa kubahatisha. Tulikuwa tunarudi Nairobi.

Nilimwita mhudumu nikamwambia kuna maiti ananingoja. Akachuchumaa, akanishika mkono. "Pole sana, mama. Hata rubani hapendi." Nikauvuta mkono wangu. Pale ndipo nilipolia, na katika kilio nikamtukana rubani kwa Kidigo, matusi ambayo baba angenizaba kofi kwa kuyatamka tu. Leo najua alitenda haki. Mshale unaodanganya ungeweza kutubwaga kwenye vilima vya Shimba sote, yule bwana wa Diani na mimi na watoto waliokuwa nyuma yetu. Akili yangu inamshukuru. Moyo wangu bado umenuna.

Nilifika nyumbani siku ya pili. Shangazi yangu, dada yake baba, alikuwa ameketi mkekani chumbani mwa baba.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Njoo hapa."

Alinikumbatia mpaka nikanyamaza, halafu akanihadithia.

Nyumba yetu iko chini ya njia ya ndege. Miaka yote niliyokuwa nikija likizo, baba akisikia mlio juu ya mapaa alikuwa akisema, "Huyo, ameshafika," na chai ikabandikwa. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba ndege inaweza kupita na mtu asifike. Kwa nini wafikiri? Haikuwahi kutokea.

"Jana wanaume walikuwa wameshalishika jeneza," shangazi alisema. "Tukaisikia ndege. Kaka yako akawaambia, huyo ameshafika, mtueni. Wakamtua. Mimi nikamfungua sanda usoni, nikamweka tayari, ili ukiingia usihangaike na mafundo. Tukangoja. Ikapita nyingine, nikasema, leo ndege zimekuwa nyingi."

"Haikuwa nyingine, shangazi. Ni ileile yetu."

"Wallahi sikujua," akasema. "Adhana ikaadhiniwa, watu wakaenda kuswali wakarudi, nami nimekaa naye. Sheikh akanijia mlangoni akaniambia, Mama, mfunike, maiti hangojeshwi. Nikamwomba subira. Akanipa. Nikamwomba tena, akatikisa kichwa. Nikamfunga mwenyewe kwa mikono yangu."

Nilimwuliza swali ambalo sikutaka kulijua jibu lake. "Ilipopita ile mara ya pili, alikuwa wazi?"

"Alikuwa wazi, mwanangu. Nilikuwa nampepea nzi."

Nikamwomba anionyeshe alivyokuwa akimpepea. Alinitazama kwanza, kama anayepima iwapo nitastahimili. Kisha akaishika ncha ya leso yake, akainama, akapepea taratibu juu ya mkeka mtupu, nami nikainama karibu naye nikatazama.