Waogeleaji wa Krummsee na Duka la Simu

Roswitha Kahlow ana miaka sabini, na tangu astaafu hajakosa kuingia ziwani asubuhi, iwe kiangazi iwe barafu. Chama chao cha waogeleaji wa ziwa hilo la Krummsee kina wanachama kumi na saba, wazee watupu, na wote huogelea kama walivyozaliwa. Pande zile ndivyo watu walivyokua, na anayekuja amevaa nguo ya kuogelea huulizwa kwa upole kama ana kidonda.

Kila asubuhi hujipanga safu moja, maji magotini, wakapiga picha moja na kuandika chini yake maji yana nyuzi ngapi. Picha hiyo huenda kwenye mtandao wao wenyewe. Mtambo wake uko chini, kwenye stoo ya Roswitha, katikati ya mitungi ya matango ya siki, na programu ya simu waliandikiwa na Detlef, mwalimu wa fizikia aliyestaafu. Watu huwauliza kwa nini wasitumie mitandao mikubwa kama walimwengu wengine. Roswitha hana haja ya kufikiri. Ujana wake aliumaliza kwenye ofisi ya simu enzi za serikali ya zamani, akiunganisha mazungumzo ya watu, na kila mtu alijua kwamba kwenye kila waya kuna sikio la tatu. Hapendi mlango wenye bawabu.

Mmoja wa hao kumi na saba ni Irmtraud, shoga yake anayeitwa Traudi na wenzake, miaka themanini na minne, mmoja wa waanzilishi. Masika alianguka akavunjika nyonga, mwanawe akamhamishia kwenye nyumba ya wazee mjini Rostock. Ziwa akawa analiona kwenye simu tu. Oktoba mwanawe huyohuyo, kwa mapenzi, akamnunulia simu mpya ya aina isiyopokea programu yoyote ila kutoka kwenye duka la mtandaoni la watengenezaji wake. Na wiki ileile duka lilikuwa limeiondoa programu ya Krummsee.

Kosa, tuseme ukweli, walilifanya wenyewe. Duka liliandika kutaka sampuli ya picha zinazowekwa humo, zenye heshima. Detlef ni mtu mwaminifu. Alipekua picha za miaka mitatu akitafuta yenye stara kuliko zote, akaipata ya Januari. Wote wamevaa kofia za sufu. Wengine wana glavu, na wawili wana skafu.

"Hapa tumevaa kabisa," alimwambia Roswitha.

Roswitha akavaa miwani, akaitazama kwa makini, akakubali. "Tena tumependeza. Itume."

Saa moja haikupita, programu ikafutwa.

Mkutano mkuu ukaitishwa, kwa ajenda na katibu na keki ya plamu. Uwe, mwanachama mgeni kuliko wote, akasimama.

"Jamani, tuvae tu. Dakika mbili za picha, kisha tuvue. Traudi atuone."

"Leo chupi, kesho watataka tai," Detlef akasema.

"Wewe kaa kimya, mzee wa glavu!" Uwe akamrudishia.

Watu wakacheka, lakini Roswitha hakucheka. "Uwe, ziwa ni letu, miili ni yetu, mtambo uko kwangu. Mtu wa ng'ambo ya bahari anipangie nivae nini kwenye maji ya kwetu?"

Wahenga walisema ukivuliwa nguo, chutama. Hawa walizivua wenyewe, na kuchutama hawakutaka. Kura kumi na nne zilipinga, mbili zikaunga mkono: ya Uwe, na ya mkewe, aliyesema anatafuta amani ya nyumbani. Roswitha aliinua mkono pamoja na wengi, akarudi nyumbani moyo unamuuma. Akapiga simu Rostock.

"Kwa hiyo mmepiga kura nisione," Irmtraud akasema.

"Si hivyo, Traudi."

"Ni hivyo. Na ningekuwepo ningeinua mkono kama wewe. Dirisha langu huku linatazama maegesho ya magari, Rosi."

Roswitha alijaribu kumwelekeza afungue mtandao kama ukurasa wa kawaida. Picha ikatokea ndogo kama stempu, na kila asubuhi ikadai nywila, nazo nywila zilishamshinda Irmtraud zamani. Siku ya nne akaacha kujaribu. Roswitha aliona aibu. Amesimamia haki ya kila mtu, rafiki yake anatazama magari.

Alikuwa akiosha vyombo alipoikumbuka kazi yake ya zamani. Laini ya moja kwa moja ikikatika, mtu huizungusha simu kupitia kituo kingine. Na mitandao midogo kama huo wao iko maelfu, kila mmoja na mwenyewe, na yote husalimiana: aliye kwenye mmoja huweza kuona picha za mwingine. Rostock kwenyewe kuna mmoja, wa wapenzi wa treni za kuchezea. Programu yao haikuguswa na duka, maana treni hazivui nguo.

Kesho yake akapanda garimoshi kwenda kwa Irmtraud, keki mkononi. Fomu ya kujiunga iliuliza: kwa nini unataka kuwa mwenzetu? Irmtraud akaandika kwa kidole kimoja, polepole:

"Marehemu mume wangu aliendesha treni miaka thelathini na miwili, na nyumbani hakuzungumza kingine. Nadhani masharti nimeyatimiza."

Dakika kumi, wakampokea. Watatu walimkaribisha, wa nne akauliza marehemu aliendesha injini gani. Roswitha akaunganisha upande wa Krummsee, na picha akaiwekea pazia, ifunguke kwa anayeigusa tu, wenyeji wasije wakamwaga kahawa.

Irmtraud akaligusa pazia. Ziwa likafunguka, la kijivu, safu ya wazee ndani yake. Akaivuta picha kwa vidole viwili. Roswitha alikuwa ameshashika leso, tayari kwa machozi ya mwenzake.

"Nani huyu kasimama mahali pangu?"

"Ni... ni Uwe. Tangu Aprili."

"Pale pana mchanga, Rosi. Nilipapata kwa miaka hamsini. Nani kamwambia asimame pale?"

Roswitha alicheka mpaka muuguzi akaja kuchungulia, na leso akaitumia mwenyewe.

Asubuhi iliyofuata Uwe alihamia kwenye mawe, uso ameukunja kwa maumivu, na baina yake na Roswitha safu ikabaki na pengo la mtu mmoja. Picha ikaenda. Kabla hawajamaliza kujikausha jibu likaingia, mbele ya wapenzi wote wa treni wa Rostock:

"Sogeeni kidogo zaidi. Nimenenepa huku."