Jua Kwanza, Betri Mwisho

Mtaani walimwita Mama Waya, na hata mgeni aliyekuja kumtafuta kwa mara ya kwanza alielekezwa kwa jina hilo hilo: nenda pale kwenye mlango wa bluu, ulizia Mama Waya. Wengine wakimkuta walimtazama juu chini, kisha wakauliza fundi yuko wapi. "Si ndiye unayeongea naye?" angejibu, amechuchumaa, bisibisi mkononi. Hakuwa na simile na watu wa aina hiyo. Alishafunga umeme wa jua kwenye mapaa mengi mno ya mji ule, hakuona sababu ya kujieleza kwa kila mpita njia.

Kazi aliifundishwa na baba yake. Mzee huyo walimwita Cheche, tangu siku ile ya ujanani betri ilipomlipukia usoni. Cheche moja tu kwenye nyaya, na nyusi yake ya kulia ikaenda moja kwa moja. Tangu hapo akajiwekea sheria, akawakaririsha vijana wote waliopita mikononi mwake: jua kwanza, betri mwisho. Unga paneli, unga kila kitu, betri uiguse ukiwa umeshamaliza mengine yote. Vijana wakawa mafundi kamili, wakatawanyika kila upande na sheria hiyo kichwani. Binti yake hakuhesabiwa miongoni mwao. Wateja wakiuliza, mzee alisema, "Huyu binti yangu, ananishikia taa." Haya, akamshikia taa mpaka mvi zikamtoka.

Sasa mzee alikuwa hoi kitandani. Mapafu yalikuwa yamechoka, na alipumua kwa msaada wa mashine iliyokaa kando ya mto wake, ikichuja hewa ya chumba na kumpelekea oksijeni puani kwa mpira mwembamba. Umeme wa mtaa ulikuwa na tabia zake, ukikatika hauagi. Kwa hiyo mashine ilitegemea paneli za juu ya paa na betri mbili zilizowekwa chini ya dirisha, chumbani humo humo. Mama Waya alishasema mpaka koo likamkauka kwamba betri za maji hazilali na mgonjwa. Mzee hakutaka kusikia. Zikikaa nje zitaibiwa, alisema. Ameishi na betri maisha yake yote, na atakufa nazo.

"Hicho ndicho ninachokiogopa, baba," bintiye alimwambia.

Basi asubuhi moja kontrola ikafa. Kontrola ni kile kisanduku cha ukutani kinachokaa kati ya paneli na betri, kinachoangalia chaji isizidi. Umeme wa mtaa nao haukuwepo tangu jana yake, na betri zilikuwa zimeshuka. Mama Waya akamwekea baba yake mtungi mdogo wa oksijeni wa akiba, akapiga simu hospitali kuomba mtungi mwingine, wakamwambia labda jioni. Akatoka mbio dukani, akarudi na kontrola mpya, ya kisasa, yenye kioo. Shangazi yake, yaani dada wa mzee, alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda akimpepea kaka yake kwa kipande cha boksi. Mshale wa mtungi ulikuwa umeshaanza kushuka.

Mama Waya akaisoma karatasi ya maelekezo amesimama. "Hii inataka betri ianze," akasema. "Inajipimia yenyewe kama betri ni za volti kumi na mbili au ishirini na nne. Ikiona paneli kwanza, itapima vibaya."

"Hiyo karatasi," mzee akasema kwa shida, "ishawahi kuungua nyusi?"

Shangazi akacheka. Mama Waya hakucheka. "Baba, zile za zamani na hizi ni vitu viwili tofauti."

"Jua kwanza."

"Baba..."

Mzee akajaribu kuinuka ili aje afanye mwenyewe, akashikwa na kikohozi kilichomkunja mzima mzima. Shangazi akamkata jicho mpwa wake. "We naye! Mfanyie anavyotaka, utamuua!"

Akamfanyia. Alijua si sawa, na hilo ndilo lililomuuma baadaye, lakini kwa kikohozi kile angekubali hata kuunga nyaya kwenye jiwe. Akaanza na paneli, akamalizia na betri. Kioo kikawaka, taa ya kijani ikapepesa. Midomo ya mzee ilikuwa imeanza kubadilika rangi, kwa hiyo hakungoja kusoma namba. Akawasha inveta, kile kifaa kinachougeuza umeme wa betri uweze kuendesha mashine. Mashine ikaguruma. Akafunga mtungi, akamrudishia baba yake mpira wa mashine, na wote watatu wakashusha pumzi.

Jua likapanda, kali. Haukupita muda mrefu, inveta ikaanza kulia, ikajizima. Mashine ikanyamaza.

"Nini tena?" shangazi akauliza.

"Betri hazijapata chaji ya kutosha," Mama Waya akasema, maana inveta ikilia huwa ni hivyo. Akafungua tena mtungi wa akiba, akapanda paani na kitambaa, akazisugua paneli vumbi lote ili zivute jua vizuri. Alizisugua zikang'aa. Aliposhuka na kupenyeza kichwa chumbani alikutana na harufu ya mayai viza, na chini ya dirisha kukisikika mtokoto, kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Akagusa betri. Ilikuwa ya moto.

Akasoma kioo cha kontrola. Ishirini na nne.

Betri zake zilikuwa za kumi na mbili. Kontrola ilipima vibaya, ikawa inazisukumia chaji isiyo na kikomo, na inveta haikujizima kwa kukosa umeme, ilijizima kwa kushiba. Naye amekwenda kuziongezea jua! Maji ya betri yalikuwa yanachemka na kutoa hewa yake ndani ya chumba cha mtu asiye na mapafu.

Akakamata spana, akainama kufungua nyaya za betri. Nyuma yake godoro likapigwa kofi. Akageuka. Mzee hakuweza kusema neno, kikohozi kilikuwa kimembana, lakini kidole chake kilikuwa juu ya jicho la kulia, pale pasipo na nyusi. Alikuwa anapagonga. Mama Waya akaiachia spana polepole. Hewa ile inashika moto kwa cheche moja, na waya wowote atakaoufungua humu ndani, wa betri au wa kontrola, utatoa cheche.

Kutoka jikoni, alikokwenda mpwa wake akiwa paani, shangazi akaita, "Nawasha jiko, nimchemshie kaka maji ya moto kifua kilegee!"

"Shangazi, usiwashe!" Mama Waya akapiga ukelele ambao hajawahi kumpigia mtu mzima. "Weka kiberiti chini! Fungua milango yote!"

Akasukuma madirisha. Alipogeuka, mzee alikuwa amejivua blanketi, anamtupia. Blanketi likaanguka miguuni pake.

"Unasikia joto, baba?"

Mzee akatikisa kichwa kwa hasira. Akaonyesha juu. Juu kabisa, kwenye dari.

Ndipo akaelewa. Akalikumbatia blanketi, akapanda ngazi, akalitandaza juu ya paneli zote mbili mpaka hapakuwa na upenyo wa jua. Mzee alikuwa amelizima jua akiwa kitandani.

Aliporudi mtokoto ulikuwa unapungua. Mshale wa mtungi ulikuwa umelala kwenye alama nyekundu. Mkono ukamwasha afungue nyaya upesi, lakini mzee alinyoosha kiganja: subiri. Shangazi alipepea hewa itoke dirishani, huku machozi yakimtiririka. Mzee alikuwa anavuta pumzi fupi fupi, kiganja bado kimenyooka, na Mama Waya alikiangalia kiganja kile akakichukia kwa moyo wake wote. Harufu ikapungua, ikapungua tena. Kiganja kikashuka.

Akafungua paneli, akafungua betri. Kisha akaanza upya, betri kwanza. Kioo kikaandika kumi na mbili. Akaunga paneli, akawasha inveta, na mashine ikaguruma. Shangazi akambadilishia kaka yake mpira, kifua chake kikapanda, kikashuka, kikapanda.

Mama Waya akakaa sakafuni, akalia kwa hasira. "Ungeniachia nini, baba? Nyusi moja?"

Mzee akafumba macho. "Karatasi," akasema, "imesema kweli."

Alasiri umeme wa mtaa ukarudi, hauna hata haya. Mashine ikachomekwa ukutani, na mzee mwenyewe akasema, "Zitoeni hizo." Mama Waya na shangazi wakazibeba betri moja moja kuzipeleka kwenye stoo ya uani, wakisaidiana kwa miguno. Kupitia dirishani wakamsikia mzee anaongea. Alikuwa amechukua simu yake, anawapigia vijana wake wa zamani mmoja baada ya mwingine.

"Fundi, ni mimi... Nisikilize. Hizi kontrola mpya... betri kwanza." Akavuta hewa. "Hapana. Nilikosea... Betri kwanza." Spika ya simu ikajibu, "Nimekusikia, mzee."

Mama Waya akaenda dirishani. "Baba, nipe mimi niwaambie. Unamaliza pumzi."

"Niliwafundisha mimi," mzee akasema, akabonyeza namba nyingine.

Akarudi kwenye betri ya mwisho. Walikuwa wanaiingiza stoo, yeye na shangazi, simu yake ilipolia mfukoni. Akaichomoa kwa mkono mmoja, akaona: Baba. Betri ikamponyoka ikatua chini kwa kishindo, akapokea akiwa tayari anakimbilia mlangoni.

"Baba! Kuna nini?"

Kwenye simu kulikuwa na mngurumo wa mashine, na pumzi moja ndefu.

"Fundi," mzee akasema. "Betri kwanza."

Mama Waya akasimama katikati ya ua. Akajibu kama walivyojibu wenzake wote.

"Nimekusikia, mzee."