Musa wa Sakafuni Siena

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi karibu na Kwa Vonza, kule Kitui, na Jumapili nilifundisha watoto kanisani. Hiyo kazi ya pili, isiyo na mshahara, ndiyo iliyonipandisha ndege. Makanisa ya ng'ambo yalikuwa yameandaa mkutano wa walimu wa Sande skuli huko Italia, na kanisa letu likaambiwa litoe mtu mmoja. Wazee walinichagua kwa sababu ya Kiingereza changu. Mimi nilieneza habari kwamba ni kwa sababu ya maisha yangu ya kiroho.

Nilijiandaa vizuri mno. Kwanza nilikwenda mjini Kitui kununua viatu vya ngozi, vyeusi, vinavyong'aa hata unaweza kujitazama humo ukinyoa ndevu. Namba yangu haikuwepo.

"Chukua hivi, mwalimu," muuzaji aliniambia. "Ngozi hupanuka."

Nilimwamini kwa sababu nilitaka kumwamini. Kisha mke wangu akanifumia sweta nzito ya kijivu, maana kila mtu pale kwetu alijua Ulaya ni barafu tupu.

Siku ya kuondoka, mwenyekiti wa akina mama kanisani alinivuta kando. Alikuwa mama mzee, rika la mama yangu, na hakuna mtu aliyebishana naye, hata pasta.

"Mwalimu, huko unakoenda kuna masanamu," alisema. "Ukiingia kwenye makanisa yao usiinue macho. Ukiinua tu, utajikuta umepiga magoti bila kujua."

"Sawa, mwaitu," nilimjibu kwa heshima, kama ninavyomwita mama yangu mzazi.

Mkutano ulikuwa mwezi wa Agosti, na joto lilikuwa lile la Mwingi kabla ya mvua. Lakini sweta nilivaa. Ilikuwa imeonwa na kanisa zima, sikuweza kurudi nyumbani kusema haikuhitajika.

Siku ya mapumziko tulipelekwa Siena, mji wa zamani uliojengwa juu ya vilima, tutembezwe kwa miguu. Mwongozaji wetu alikuwa mama mwembamba mwenye sauti ya mwalimu mkuu, amefunga kitambaa chekundu kwenye fimbo ili tusipotee. Kabla hatujaanza alituuliza kama kuna mtu angependa kubaki kwenye basi, kwa sababu njia ni ya mawe na ina milima. Nilicheka kwa sauti.

"Mimi ni Mkamba," nilitangaza. "Kwetu kutembea ni kama kupumua."

Kando yangu alikuwa pasta mzee kutoka Ufini, mrefu, mwenye mkongojo. Nilimwinamia nikamwambia asiwe na wasiwasi, akichoka nitamshika mkono. Alinishukuru sana.

Tulipomaliza kilima cha kwanza, vidole vyangu vilikuwa vinalia. Kilima cha pili, malengelenge yalipasuka. Mwongozaji alikuwa akieleza habari za kuta, minara na familia tajiri zilizochukiana kwa miaka mia kadhaa, na mimi nilikuwa nikitafuta kwa macho kitu chochote cha kukalia. Jasho lilikuwa limeingia kwenye sweta hadi ikawa nzito kama kondoo aliyenyeshewa.

Tukafika mtaa mmoja wenye bendera ya twiga. Kumbe mitaa ya Siena ina wanyama wake, na huo ni mtaa wa Twiga. Mwongozaji alifurahi, akanigeukia.

"Bwana wetu kutoka Kenya! Kwenu mnao wengi?"

"Wengi sana," nilijibu kwa sauti ya mwenye mali.

Twiga nilikuwa nimemwona kwenye kitabu cha darasa la tatu, ukurasa wa kulia. Yule wa kwenye bendera alikuwa wa pili.

Hatimaye tuliingia kanisa kuu, jengo la mistari myeupe na myeusi ndani na nje. Kulikuwa na ubaridi, nikamshukuru Mungu. Mwongozaji alituambia tutazame juu, dari ni ya buluu yenye nyota za dhahabu. Kundi zima likainua shingo. Mimi nilikumbuka niliyoambiwa, nikakaza macho chini kama mtu aliyeangusha sindano.

"Mnamwona huyu bwana?" mwongozaji akasema ghafla, akininyooshea ile fimbo. "Huyu ndiye anayejua! Watu wanakuja hapa na kutazama juu, na hazina yetu iko chini. Sakafu hii hufunikwa karibu mwaka mzima. Mmebahatika kuikuta wazi."

Wote wakanitazama kwa heshima. Nilitikisa kichwa polepole, kama msomi. Hapo ndipo nilipoiona hiyo sakafu kwa mara ya kwanza.

Ilikuwa marumaru ya rangi mbalimbali, imekatwa na kuunganishwa ikawa picha za watu. Na watu wale niliwajua! Mbele yangu palikuwa na mwamba, na mzee mwenye fimbo, na maji yanatoka, na watu wameinama kunywa.

"Ni Musa," nilisema kwa nguvu. "Anapiga mwamba jangwani."

"Tueleze," mwongozaji alisema.

Hakujua alichokuwa akikifungulia mlango. Niliwaeleza. Niliwaambia mchoraji huyu alijua kiu, kwa sababu hakuna aliyekuwa akimwangalia Musa. Wote waliangalia maji. Niliwaambia jinsi kwetu mto unavyokauka tukabaki na mchanga, jinsi akina mama wanavyochimba shimo hadi wanazama kiunoni, halafu wanakaa kungoja maji yachuruzike, kata moja, kisha kungoja tena. Watoto hunywa kwanza. Punda hunywa mwisho, na punda anajua hivyo, anageuza uso. Nilisahau miguu yangu. Nilisahau hata nilipo, kwa sababu nilijisikia nikisema, kama kwa watoto wangu wa Jumapili, "Haya, nani atanisomea mstari wa moyo?"

Watu wazima kutoka nchi nyingi wakatazama viatu vyao. Yule pasta wa Ufini ndiye aliyeinua mkono na kusoma mstari kwa kichwa, kwa lugha yake. Nikampigia makofi peke yangu.

Kisha nikageuka ili tuendelee, na miguu ikakataa. Nilianguka kwa magoti, pu, mbele ya madhabahu, mbele ya masanamu yote ya Siena. Mama mmoja wa Kiitaliano aliyekuwa akisali karibu alinitazama, akafuta machozi.

Pasta wa Ufini ndiye aliyeniinua. Alinipa mkongojo wake na kunishika mkono, tukatoka nje polepole, mimi nikiwa peku, viatu mkononi. Tulikaa kwenye uwanja mkubwa wa mji, ulioinama kama sinia, matofali yake yakiwa na moto wa jua. Nilivua na sweta.

"Mnangoja muda gani?" aliniuliza. "Kwenye lile shimo la mchanga."

"Ukikuta wengine mbele yako, unaweza kungoja asubuhi nzima."

Akasema kwao maziwa ya maji ni mengi hata mengine hayana majina yanayokumbukwa, na amehubiri habari za Musa miaka yote bila kufikiria kiu.

Niliporudi nilitoa ripoti kanisani. Nilikuwa nimetayarisha habari za minara na kuta, lakini baada ya ibada akina mama walinizunguka wakitaka habari moja tu, ile ya mwamba. Sikuwa na picha. Nikachukua kijiti nikawachorea mchangani. Sijawahi kujua kuchora. Darasani hata ramani yangu ya Kenya wanafunzi huiita muhogo.

"Huyu mbuzi anafanya nini hapo?" mwenyekiti aliuliza.

"Mwaitu, huyo ni Musa."

Walicheka hadi wakashikana mabega. Kisha mmoja wao akachuchumaa, akafuta mwamba wangu kwa kiganja, akauchora upya vizuri, na kando yake akaongeza punda.