Nimesifu Shiru Mpaka Serikali Ikashtuka

Shiru wangu karibu aandikwe mtoto anayefanyishwa kazi, na kosa ni la huu mdomo wangu!

Sasa nyinyi, mko poa?

Asubuhi amekuja dada wa serikali, anazunguka ploti zetu hapa Kawangware akiuliza watoto hufanya kazi gani. Mimi ni nani nisisifu wangu? Nikamwambia kwamba Shiru wangu, gredi ya tano tu, hunipikia chapati za kuuza, huteka maji, hufua, na kibanda changu cha mboga hufungua yeye.

Dada akaacha kuandika.

"Mama, huyu mtoto hulala saa ngapi?"

Nikaushika mkono wake wa kalamu.

"Madam, futa. Huyo hata kikombe chake haoshi."

"Sasa niamini lipi?"

Nikamwita Shiru apike chapati moja mbele yake. Upande mmoja mkaa, upande mwingine unga mbichi, na lile umbo hata mimi mama yake siwezi kulitetea. Dada akaonja kidogo, akafuta yote.

Hapo Mama Brayo wa mlango wa pili, ambaye kazi yake ni kusikiza, akaita: "Mama Shiru! Na zile chapati ulizoleta kwa chama chetu cha akina mama, si ulisema amepika Shiru?"

Shiru akajibu mbio: "Ni Mum hupika! Mimi huambiwa nibebe sahani."

Chekeni tu. Lakini mmeona vile mtoto wangu hasemi uongo?

Jumapili baada ya kanisa mje wote kwangu. Chapati napika mimi. Sahani atabeba Shiru.